Siku Saba za Zege la Huwaida

Huku kwetu Langoni, mzazi mwenye binti humjengea orofa juu ya nyumba yake. Bi Alawiya alikuwa na binti mmoja tu, Huwaida, na harusi ilikuwa imebaki miezi miwili. Zege la orofa lilikuwa bado kumwagwa, na Bi Alawiya aliogopa. Mwaka jana, zege la paa la jikoni lilipasuka kabla ya wiki kwisha.

Fundi alikuwa Bwana Kamaludin, naye si fundi wa kubahatisha. Nusu ya kuta za mtaa huu ni kazi ya mikono yake, kwa mawe na chokaa.

"Chokaa huiata ikauke, ikawa ngumu," alisema. "Na zege la jikoni nililiata vivyo hivyo."

"Hapo ndipo tulipokosea, Bwana Kamaludin," alisema Kagendo, jirani kutoka Meru, anayesimamia ujenzi Ras Kitau. "Zege halipati nguvu kwa kukauka. Saruji huhitaji maji ili ishikane. Jua na upepo wa siku za mwanzo ndivyo vinavyolipasua."

"Basi tuchanganye na mai mengi."

"Hapana. Maji mengi kwenye mchanganyiko hulidhoofisha. Tuchanganye kwa maji machache, tumwage, tulifunike kwa nailoni papo hapo. Likishikana, tuweke magunia yaliyolowa siku saba. Maji yawe ya bomba. Ya kisima chenu yana chumvi, yatakula nondo."

Bi Alawiya alicheka. "Siku saba limefunikwa, yua lisilione, upepo usiliguse? Mwanangu, hilo si zege. Ni mwari."

Bwana Kamaludin hakufurahia kufundishwa na mtu wa umri wa wanawe. Hata hivyo, ni yeye aliyepanda juu asubuhi, adhuhuri na jioni kulowesha magunia. Hata paka waliotaka kulala juu yake aliwafukuza.

Siku ya nane alifunua. Alipitisha kiganja juu ya zege lote akitafuta ufa. Hakuupata. Akagonga kwa nyundo, likalia kama jiwe.

Nguzo za muda zilizolishikilia zege kwa chini zilingoja mpaka Kagendo aliporuhusu zitolewe. Kuta zikapanda. Usiku wa harusi wanawake walicheza vugo kule juu, wakikanyaga kwa nguvu zao zote. Bwana Kamaludin alisimama chini yao, akitazama dari.

"Hilo," aliwaambia wageni, mmoja baada ya mwingine, "nimelilea mimi."