Ubao wa Ndeshi

Kinyeshatheluji, mtambo mkuu wa kituo, kilivuta ukungu wa kilele cha Kibo kwa midomo yake arobaini, kikaugandisha tumboni, kisha kikautema mteremkoni ukiwa theluji. Barafu ya asili ilikuwa imekwisha mlimani miaka thelathini nyuma. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mchezo wa kuteleza. Roboti ziliisawazisha. Mhandisi Aikande Mremi, binadamu pekee kituoni, kazi yake ilikuwa kuzitazama. Alikuwa na miezi minne hajapeana mkono na mtu.

Asubuhi hiyo gari la kamba lilimpandisha mama mmoja kutoka Marangu, amekumbatia ubao mrefu wa kutelezea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huu ni wa marehemu binti yangu, Ndeshi. Alikuwa akinieleza mambo yake kwa simu, nami naitikia tu, sielewi. Nifundishe, mwanangu."

Aikande alilijua jina hilo. Akaulaza ubao mezani.

"Hii iliyopinda ni ncha, ndiyo hutangulia. Nyuma ni mkia. Vyote vimeinuka visichimbe theluji." Akaugeuza. "Hili ni tumbo, hupakwa nta liteleze. Na hizi kingo za chuma ndizo hukata theluji. Ukitaka kusimama, unaegemea ukingo."

"Na hivi vya juu?"

"Vifungo. Buti hukazwa humu, miguu yote miwili."

Mama akapitisha kidole kwenye chuma. "Hapa pamekwaruzika."

"Alijaribu kusimama."

Angeweza kuishia hapo. Akavuta kiti, akaketi.

"Mama, siku ile alipoanguka nilikuwa zamu. Mtambo ulitema barafu ngumu kama kioo. Roboti zikatoa onyo. Zilikuwa zimezoea kuonya bure, basi nikalizima. Ndeshi hakukosea. Aliegemea ukingo vizuri, ila haukupata cha kukata."

"Ripoti ilisema alikuwa mzembe."

"Najua. Niliitia sahihi."

Mama akauvuta ubao upande wake.

"Utayasema hayo mbele ya watu?"

"Nitayasema."

Wakateremka pamoja. Ndani ya gari la kamba mama alikaa upande wake, Aikande upande wake, ubao umelala sakafuni kati yao. Walipofika pale miti inapoanzia, mama akauliza bila kumtazama:

"Alikuwa akitanguliza mguu gani?"

Aikande alikuwa ameitazama picha ya kamera ya siku ile mara nyingi asizoweza kuzihesabu.

"Wa kulia."

"Hata alipoanza kutembea," mama akasema, kisha akageukia dirisha.