Saini Thelathini na Moja

Levis alikuwa mlinzi wa jengo la ghorofa huko The Pearl, Doha. Kila siku saa kumi na moja alfajiri basi la kampuni lilimchukua kutoka Industrial Area, mtaa wa kambi za wafanyakazi. Huko alikaa chumba kimoja na wenzake watano. Kulikuwa na vitanda sita na foleni ndefu ya bafu.

Wote sita walitoka Chemoruti, milimani Kenya. Watu wa Chemoruti hufuga nyuki na mbuzi kwenye ardhi yao ya pamoja. Walioko Doha walikuwa thelathini na mmoja, na Levis alikuwa mwenyekiti wao. Alikipenda cheo hicho, tusifiche.

Mwaka wa 2018 alitumiwa karatasi kwa simu. Waliotuma ni watu wachache wa nyumbani waliojiita kamati. Ilikuwa na kurasa nne za Kiingereza kigumu.

"Hii ni ya kupata hati ya ardhi yetu," walimwambia. "Kusanya saini za watu wa Doha. Tuma picha, kisha tafuta wakili apige muhuri."

Levis alizunguka kambi hadi kambi. Watu walisaini wakiwa wamesimama, wengine na sahani mkononi. Hakuna aliyesoma. Doha walishazoea hivyo. Mudiri, yaani meneja wao, huleta karatasi ya Kiarabu, anaonyesha mahali kwa kidole, nawe unasaini. Saini ya Levis ilikuwa ya kwanza.

Ijumaa, siku ya mapumziko huko, baada ya ibada kanisani, alimweleza Olivia shida yake ya muhuri. Olivia alikuwa nesi Mkenya aliyeishi Al Rayyan.

"Una bahati," Olivia alisema. "Mama yangu ni wakili, na amekuja kunitembelea. Twende nyumbani."

Wakili Milka alikuwa na miaka sitini na sita. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Shikamoo, mama. Naomba tu muhuri wako hapa," Levis alisema.

Wakili alisoma kurasa zote nne. Chai yake ikapoa.

"Umesoma hii?" aliuliza.

"Nimesaini, mama."

"Sijakuuliza hivyo."

Wakili akamgeuzia karatasi.

"Ukurasa wa tatu unasema jamii yenu imekubali kuipa kampuni bonde la chemchemi. Kwa miaka tisini na tisa. Kuna nini hapo bondeni?"

"Mizinga ya mama yangu iko hapo." Levis aliuinamia ukurasa huo. "Picha nimeshatuma. Mkutano wa nyumbani wa kuipitisha ni baada ya wiki mbili. Mimi mwenyewe nimemtoa mama yangu kwake."

"Bado. Keti."

Wakili alimmiminia chai, kisha akaanza kusema.

"Miaka thelathini na sita nimetetea jamii za asili na ardhi zao. Kesi ya kwanza nilishindwa vibaya. Watu mia nne walisema ardhi ni yao. Upande wa pili ukatoa karatasi moja yenye saini zao wenyewe. Nilijifungia chooni mahakamani nikalia. Kesi ya pili ilichukua miaka kumi na minne. Akina mama walimtembeza jaji msituni. Walimwonyesha makaburi, na kila mti wa mzinga wakautaja ukoo wake. Hiyo tulishinda. Siku hizi tuna sheria ya ardhi ya jamii, ya mwaka wa 2016."

"Inasemaje?"

"Jamii inajisajili kwanza. Mnaandika daftari la wanajamii wote, wake kwa waume, walio nyumbani na walio mbali. Mkutano unatangazwa wazi. Mnachagua kamati ya watu saba hadi kumi na watano, na mnaandika kanuni zenu. Mnapeleka kwa msajili. Kisha ardhi inapimwa, na hati inatoka kwa jina la jamii. Kabla ya hapo, hata serikali ya kaunti hairuhusiwi kuiuza."

"Na baada ya kusajiliwa, nani anaweza kuitoa?"

"Lazima theluthi mbili ya wanajamii wakubali. Ndiyo sababu hao jamaa wanakusanya saini zenu mapema. Mko mbali na hamuulizi maswali."

Levis aliona aibu kweli. "Sasa nifanye nini?"

"Rudi kwa kila mtu umwambie ukweli. Kila mmoja aandike barua ya kuondoa saini yake. Mimi narudi Kenya Alhamisi ijayo. Nitazibeba."

Kazi ngumu ilianza chumbani kwake. Philipo, wa kitanda cha juu, alikasirika.

"Buda, si ni wewe ulituambia tusaini? Sasa tukuamini tena?"

"Usiniamini," Levis alisema. "Soma kwanza."

Philipo aliisoma ile barua ya kuondoa saini mara mbili. Ndipo akasaini, kisha akaenda naye kambi za jirani. Kila mahali Levis alirudia maneno yaleyale: "Niliwakosea. Sikusoma." Kufikia Jumatano jioni barua zilikuwa thelathini na moja.

Siku ya mkutano walisikiliza kwa simu, wakiwa wamekaa vitandani. Mtu wa ile kamati alisema, "Watu wa Doha wote wamekubali." Wakili Milka, aliyefika Chemoruti na barua zile, akaomba nafasi, akafungua bahasha. Alisoma barua moja baada ya nyingine. Alipofika ya kumi, vigelegele vilimzidi sauti. Bonde halikutolewa. Siku hiyohiyo watu walianza kuandika daftari lao.

Baadaye walichagua kamati ya watu kumi na mmoja, watano wanawake. Wapima ardhi walipokuja, akina mama waliwaongoza mpakani, mti kwa mti. Mwisho wa mwaka wa 2019 hati ilitoka: ardhi ya jamii ya Chemoruti, bonde na chemchemi zake zote.

Siku ya kupokea hati, daftari lilisomwa jina kwa jina, na kila mtu alijibu. Levis alisikiliza kwa simu akiwa Doha, Philipo kando yake. Jina lake likaitwa. Kisha akasikia sauti ya mama yake, kubwa kuliko alivyowahi kuisikia.

"Yuko kazini. Lakini ni wa hapa."

Na mkutano mzima ukaitikia, "Ni wa hapa."