Mwisho Uliokatwa

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare, Kibibi alikaa mlangoni pa banda la video la mjomba wake akipokea tiketi. Jina hilo alipewa kwa maneno yake ya kiutu uzima. Ndani, kaka yake na mjomba walikuwa kama paka na panya.

"Mjomba, majambazi wako wa zamani wanavaa kofia na kupiga soga kama wako harusini! Filamu za siku hizi magari yanaruka."

"Zenu ni risasi tupu. Hadithi iko wapi?"

Walipatana kwa filamu moja tu, ya zamani, ya jambazi mwenye kofia nyeupe. Alipopigwa risasi, wenzake walimkumbatia wakaapa kumrudia. Hapo watu walishangilia, mjomba akazima na kuingiza watazamaji wengine. Kaka alikijua kiapo kile kwa moyo.

Asubuhi moja jirani alikuja akihema. Alisema kaka yuko hospitalini, chini ya ulinzi wa polisi. Yeye na rafiki zake wawili walivunja duka la dawa, na mlinzi akapigwa nondo ya uso. Wakati wa kukimbia kaka alianguka kutoka ukutani, akavunjika mguu. Wenzake hawakugeuka nyuma.

Kibibi na mama walimkuta amefungwa pingu kitandani. Mama alikaa sakafuni kando ya kitanda.

"Jamaa niliokuwa nao wamekuja?" kaka aliuliza.

"Hawajaja. Kaka, wataje basi, polisi wanasema wewe ndiye uliyempiga mlinzi!"

"Sikumgusa. Lakini mimi si msaliti. Watanirudia, kama kwenye filamu."

Kibibi alitoka mbio hadi bandani.

"Mjomba, yule mwenye kofia walimrudia?"

Mjomba aliacha kufagia. "Hapana, mwanangu. Wanampora saa, wanamwacha anakufa peke yake. Watu walikuwa wananuna, wanasema nawaharibia siku. Ndiyo maana nikawa nazima mapema."

Kibibi alimshika mkono wakaenda hospitalini. Mjomba alimsimulia kaka mwisho wote wa filamu. Kaka aligeukia ukuta, akalia kwa muda mrefu. Kisha akamwita askari, akasema yote.

Rafiki zake walikamatwa siku ileile. Kumbe ndio waliokuwa wamepiga simu polisi bila kujitaja, wakisema kaka ndiye aliyeshika nondo. Ukweli ulimwondolea kosa la kumpiga mtu, lakini wizi ulibaki wizi. Mguu ulipopona alipelekwa shule ya wafungwa vijana, mbali, kwa miaka mingi. Mlinzi alitoka hospitalini na jicho moja. Nyumbani mama aliendelea kupakua chakula kwenye sahani ya kaka, kisha kuirudisha jikoni.

Jumamosi ya kwanza baada ya kaka kupelekwa huko, mjomba aliweka filamu ile ya kofia nyeupe, na safari hii hakuizima. Watoto walinung'unika, halafu wakatazama hadi mwisho. Ilipoisha, alisimama mbele yao.

"Wanangu, zama zote, za kale na za leo, wanaotengeneza filamu hizi wanajua kupamba ujambazi. Mimi niliwapambia zaidi kwa kuwaficha mwisho. Anayekwambia ukaibe, muulize nani atabaki nawe ukianguka. Na mkiujua ukweli, semeni mapema, kabla mtu hajaumia."

Kibibi alitazama benchi la mbele, pale alipozoea kukaa kaka yake. Palikuwa wazi, na filamu ilikuwa imeshaisha.