Mvumo wa Kipaza Sauti cha Marehemu

Haya yalimpata jirani yangu Inshirah wa Tanta, mjane wa msomaji wa Kurani. Arobaini ya mumewe ilikuwa jioni ile, na kipaza sauti cha marehemu, sanduku la spika la kuchaji, kilivuma hata msomaji mgeni asingesikika. Mawifi walishaanza kumcheka. Akakipeleka kwa fundi Bayoumi.

"Mama, kinalia kama nzi kwenye chupa."

"Kitengeneze, usinitungie mashairi."

Bayoumi aliona mvumo unaingia na umeme wa chaja. Akachomelea kapasita kubwa ya kuchuja umeme, akawasha. Mvumo ukakatika.

Maikrofoni ilikuwa bado mkobani mwa Inshirah, haijaunganishwa. Kwenye spika wakasikia mtu akivuta pumzi ndefu, kama msomaji anayetaka kuanza.

Wakangoja aitoe pumzi ile, mpaka chai ya Bayoumi ikapoa. Hakuitoa.