Hapana Iliyobaki Njiani

Kiti changu kiko mlangoni mwa jiko, upande wa uani, na mtu asinihamishe. Hapo napata hewa, nachambua mboga, na kila anayepita namwona. Mbele yangu kuna uwanja mdogo wenye kamba ya kuanikia nguo. Ng'ambo ya kamba kuna chumba cha uani. Nyuma yangu ni nyumba kubwa, na sebuleni ndiko kiliko kile kisanduku cha intaneti chenye taa za kijani. Vijana wanakiita ruta.

Chumba cha uani zamani kilikuwa stoo. Sasa ni ofisi ya mkwe wangu, mke wa mwanangu. Yeye ni mkalimani wa viziwi. Anakaa mbele ya kompyuta. Kule kliniki muuguzi anazungumza, na mgonjwa asiyesikia anaitazama mikono ya mkwe wangu kwenye skrini. Maneno yote yanageuka kuwa mikono. Kazi ile inataka utulivu, na nyumba kubwa haina utulivu, kwa sababu mimi na redio yangu tumo.

Mwanangu ni fundi wa kuchomelea milango. Alipokitengeneza kile chumba, alikitia mlango wa chuma na dirisha la chuma. Ukuta unaotazama nyumba aliupiga mabati juu mpaka chini, mvua isipenye. Ule mlango ukifungwa, sauti ya sebuleni haifiki kabisa. Lakini anavyouonea fahari! Mimi niliyemzaa hajawahi kunisifu hivyo.

Basi kukiwa na jambo, mwanangu anapaza sauti kutoka sebuleni. "Mama, mwambie mke wangu mgeni wake kafika!" Mimi namsikia. Nageukia uani, napiga ukelele wangu, na mkwe anafungua mlango. Ndiyo maana nyumba nzima inaniita Posta.

Siku moja mkwe alitoka chumbani uso umemshuka.

"Vipi, mwanangu?"

"Mama, mikono yangu imeganda."

Niliruka. Nikabandika maji jikoni. Nikamletea beseni la maji ya moto na taulo.

"Tia mikono humo. Nilijua tu, sakafu ile ya saruji ina baridi."

Alilitazama beseni. Akacheka. Halafu kicheko kikageuka kilio, nami nikachanganyikiwa kabisa.

"Siyo baridi, Mama. Ni waifai. Ikikwama, picha yangu kule inaganda. Mikono inasimama hewani na mgonjwa haoni kinachofuata."

"Si atasubiri kidogo?"

"Hajui kwamba kuna kingine kinakuja. Tazama. Kwa mdomo tunasema 'usinywe.' Katazo liko hapo hapo mwanzoni. Kwa mikono mimi naonyesha dawa, naonyesha kunywa, na mwisho kabisa ndipo naweka hapana."

Akanionyesha. Vidole kiganjani, hiyo dawa. Mkono mdomoni, hiyo kunywa. Kisha kidole kikatikisika mbele ya uso wake, huku kichwa kikikataa. Hiyo ndiyo hapana.

"Leo picha imeganda kwenye kunywa," akasema.

"Na hapana?"

"Imebaki njiani."

Akaniambia mgonjwa mwenyewe ni mjamzito. Alikuwa ameshafungua kichupa pale pale, muuguzi akamuwahi mkono. Jina lake hakunitajia, wala sikuuliza. Mambo ya mgonjwa ni siri yake. Waajiri wa mkwe walikuwa wamemwonya kwamba ikitokea tena, kazi atapewa mwingine. Na yule mama alikuwa anarudi kliniki Alhamisi.

"Kazi nitatafuta nyingine," mkwe akasema. "Lakini yule mama ananiamini, Mama. Nikimdhuru je?"

Nilibaki nimeshika taulo.

Mwanangu alipopata habari, alitoka mbio kwenda dukani. Akarudi na kidude cheupe cha kuchomeka ukutani.

"Hii ni busta," akasema. "Inadaka waifai na kuirusha mbele. Muuzaji kasema nichomeke tu."

"Uchomeke wapi?" nikamuuliza.

"Mama nawe! Pale pasipo na waifai, si ndiyo maana yake?"

Akaichomeka chumba cha uani, kando ya meza ya mkewe. Tukatazama simu. Ile mistari ya waifai ilijaa yote! Mwanangu akapiga makofi, mkwe akatabasamu, nami nikapiga kigelegele.

"Tujaribu," mkwe akasema. Mwanangu akaenda sebuleni akapiga simu ya video. Mlango wa chuma ukafungwa. Mkwe na mimi tukamwona mwanangu kwenye skrini. Alisema "Haloo," kisha akabaki hivyo hivyo, mdomo wazi, jicho moja limefumba.

"Jamani, mwanangu kapatwa na nini!" Nilitoka mbio na magoti yangu haya mabovu. Sebuleni nikamkuta mzima wa afya, anaongea peke yake.

"Mnanisikia?" akauliza.

"Umeganda, baba. Umeganda na mdomo wazi."

"Na mistari?"

"Imejaa!"

"Sasa inaganda vipi na imejaa?"

Ndilo swali lililotutesa. Mwanangu alisema kosa ni la kampuni ya intaneti, akanunua kifurushi chenye kasi zaidi. Sebuleni intaneti ikakimbia kweli kweli. Chumba cha uani mambo yale yale. Mimi nilisema ni nguo mbichi kwenye kamba zinazuia, nikazianua zote na maji yake. Hakuna kilichobadilika, ila sebule ilinuka unyevu. Mkwe alizima ruta na kuiwasha tena mpaka taa zenyewe nikazionea huruma. Alhamisi ilikuwa inakuja na sisi hatukujua hata tunagombana na nini.

Jumanne jirani yetu alipita na ngazi begani. Ni dada anayefunga kamera na intaneti majumbani. Haonekani bila ile ngazi, kwa hiyo mtaa mzima humwita Ngazi, naye huitika.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hiyo ngazi usiiegemeze kwenye nyanya zangu. Njoo huku, sisi tumevurugwa."

Nikamweleza yote, kuanzia beseni la maji mpaka mdomo wazi wa mwanangu. Alisikiliza. Akaingia chumba cha uani, akaiona busta pale ukutani, akatoka anacheka.

"Bibi, wewe si ndiye Posta? Lete kiti chako."

"Kiti changu hakihamishwi."

"Leo tu, Bibi."

Akakibeba yeye mwenyewe mpaka chumba cha uani. Akanikalisha pale pale chini ya busta, mkwe akiwa mezani. Akamtuma mwanangu sebuleni akaseme neno lolote. Kisha akafunga mlango wa chuma.

Tukangoja.

"Bibi, kasema nini?" Ngazi akauliza.

"Sijasikia kitu."

"Haya, mpe mkweo huo ujumbe."

"Nitampa nini na sijasikia? Una wazimu?"

"Lakini sauti unayo?"

"Ninayo! Ya kutosha mtaa mzima!"

"Mkweo anakusikia vizuri?"

"Vizuri mno," mkwe akajibu haraka.

"Basi hiyo ndiyo busta yenu," Ngazi akasema. "Sauti inayo. Ujumbe haina."

Mkwe alijishika kichwa. Mimi ilinichukua muda kidogo, halafu ikaniingia.

"Kwa hiyo ile mistari inatudanganya?"

"Haidanganyi, Bibi. Inawaambia simu inaisikia busta. Haiwaambii kama busta inaisikia ruta. Busta hurudia kile inachopata. Ukiiweka pasipo na waifai, itarudia ukimya."

Mwanangu alikuwa amesharudi, amesimama mlangoni. Ngazi akaugonga mlango kwa kiganja, ukalia ngwaa.

"Halafu huu. Na yale mabati. Waifai hupita kwenye mbao, na kwenye tofali hujikongoja. Ikikuta chuma au bati, nyingi inagonga na kurudi ilikotoka."

"Unataka nivunje mlango wangu?" Mwanangu uso ulimbadilika.

"Nani kasema uvunje? Mlango mzuri. Kwanza tujaribu kitu."

Akachukua busta akaichomeka jikoni, pale kilipo kiti changu siku zote. Mlango wa chuma ukiwa wazi, video ilikwenda. Tukaufunga. Video ikaanza kukwamakwama.

"Hapa ndipo pa busta," akasema. "Katikati, mahali inapoisikia ruta bado vizuri. Kama ingekuwa ni kusoma ujumbe tu, ningewaachia hivi. Lakini chuma kiko palepale. Na tena busta kama hii husikiliza na kusema kwa mdomo mmoja. Ikiwa inasema, haisikii. Ndiyo maana hupunguza kasi."

"Hapo nimekuelewa," nikasema. "Mimi nikisema, sisikii mtu."

"Hilo tunalijua," mwanangu akadakia.

Ngazi akamgeukia mkwe. "Kazi yako haitaki kubahatisha, dada. Tupitishe waya."

Nikachanganyikiwa upya. "Waya? Waifai si ndiyo ile isiyo na waya?"

"Bibi, waya utaibeba intaneti kutoka kwenye ruta mpaka ndani ya chumba. Ikishafika ndani, kidude kingine kitaisambaza humo humo. Ule mlango hatushindani nao. Tunapita chini yake."

Jumatano tulichimba. Kusema kweli mwanangu alichimba, mimi nikasimamia. Mtaro ulipita chini ya kamba ya nguo na kukwepa nyanya zangu, nilihakikisha. Mwanangu alitaka kuupitisha waya kwenye bomba moja na nyaya za umeme, ili asichimbe sana.

"Hapana," Ngazi akasema. "Umeme na bomba lake, intaneti na bomba lake, tena mbalimbali. Umeme huivuruga intaneti. Na waya mmoja ukichubuka humo, mtu anaweza kupigwa shoti."

Waya wenyewe aliuchagua yeye. Ulikuwa wa nje, wenye gamba gumu, na ndani shaba tupu.

"Upo wa bei rahisi uliopakwa shaba juu tu," akasema. "Unakatika upesi, na mtarudi kunilaumu mimi."

Aliupitisha taratibu ndani ya bomba la plastiki, bila kuukunja kwa nguvu. Kila mwisho wa waya akafunga kikinga radi, kwa sababu waya unaotoka nyumba moja kwenda nyingine unaweza kuleta radi mpaka kwenye mashine. Ndani ya chumba akaweka kile kidude cha kusambaza. Akakipa jina lile lile na neno la siri lile lile la waifai ya sebuleni, ili simu zisipate taabu ya kuchagua. Kompyuta ya mkwe hakuiachia waifai kabisa. Aliichomeka kwa waya.

"Sasa tuone mistari," mwanangu akasema, mkono tayari kwenye simu.

"Achana na mistari! Funga mlango, piga video, fanya kazi yako ya kawaida. Hicho ndicho kipimo."

Mlango ukafungwa. Mimi nikakaa sebuleni na simu ya mwanangu mkononi. Mkwe akatokea kwenye skrini. Akaonyesha dawa. Akaonyesha kunywa. Kidole kikainuka mbele ya uso wake, kikatikisika, na kichwa kikakataa.

"Hapana!" nikapiga ukelele. "Hapana imefika!"

Akarudia, na akarudia tena, na kila mara ilifika. Nami nikaiiga kwa kidole changu mpaka nikaiweza. Ile busta mwanangu aliirudisha dukani. Nasikia alimfundisha muuzaji habari za Posta mpaka watu wakajaa.

Alhamisi nilizima redio mwenyewe bila kuambiwa. Mkwe aliingia chumbani akafunga mlango. Nilikaa kwenye kiti changu na mboga mapajani, lakini sikuchambua hata jani moja. Nilikuwa natazama mlango wa chuma kana kwamba nitaona kitu kupitia chuma.

Nyuma yangu mwanangu akaja mpaka jikoni. Akafungua mdomo. "Mama, mwambie mke wangu chai..."

Niligeuka nikamtikisia kidole mbele ya uso wangu, na kichwa nikakataa. Akafunga mdomo. Akavuta kigoda, akakaa kando yangu, na chai ikapoa.

Hatimaye kitasa kikalia. Mkwe akatoka, akasimama juani.

"Imefika?" nikamuuliza.

Hakujibu kwa mdomo. Akaonyesha dawa, akaonyesha kunywa, akaonyesha hapana. Kisha akafanya ishara nyingine nisiyoijua, mkono ukitoka kidevuni kuja kwangu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni asante, Mama. Yule mama kaniambia mimi, nami nakupa wewe."

Nikainuka, nikavuka ule mtaro uliofukiwa, nikamshika mikono yote miwili.

"Leo beseni lipumzike," mkwe akasema, akicheka na kulia.

Kweli, mikono yake ilikuwa na joto.