Aliing'oa Prosesa kwa Nguvu, Akanibebesha Aibu Mbele ya Kwaya

Nina miaka thelathini na tatu, naishi Tabata, na ni fundi wa kompyuta. Sijaolewa. Nilikaribia kuolewa... na kilichozuia ndicho ninachowaandikia leo, wasomaji wenzangu. Naandika nikiwa na hasira. Mtanivumilia.

Mchumba wangu nitamwita Gervas, ingawa siyo jina lake. Naye ni fundi. Tulikuwa na fremu yetu Temeke, meza yangu na yake zinatazamana. Posa alishaleta, na pete alishanivika. Mama yangu alimpenda kuliko alivyonipenda mie! Akitoka kanisani ni mkwe wangu hivi, mkwe wangu vile.

Mama ni mwanakwaya wa siku nyingi. Kwaya yao walichangishana wakanunua kompyuta ya kurekodia, nayo ikaanza kuzimika katikati ya nyimbo kwa sababu ya joto. Viongozi wakataka kuipeleka mjini. Mama akasimama mbele yao akasema, "Binti yangu ni fundi. Pelekeni kwake." Mnajua alijisikiaje kusema hivyo? Aling'ara wiki nzima!

Nikaifungua. Juu ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, kunakaa dude la bati lenye mapezi, linalonyonya joto. Sie mafundi tunaliita hitisinki. Katikati yake na prosesa hupakwa pesti ya kupitisha joto, na pesti ile ilikuwa imekauka kama saruji. Nikalegeza skrubu zote. Hitisinki haikutikisika.

Ukiivuta hivyo hivyo, inang'oka na prosesa yake. Zile pini ndogo za chini zinapinda au zinakatika, na mashine imekufa. Kwa hiyo sikuivuta. Nilimwambia Gervas waziwazi:

"Usiiguse. Nakwenda Kariakoo kununua pesti mpya. Nikirudi nazikaza skrubu, naiwasha mashine ipate moto pesti ilainike, kisha naizima na kuizungusha hitisinki taratibu kulia na kushoto mpaka iachie yenyewe."

Akacheka mbele ya wateja. "Nyie wanawake bwana! Mnabembeleza mashine utafikiri mtoto mchanga."

Nikachukua mkoba wangu, nikatoka. Nilishazoea maneno yake. Kwa nini nilizoea? Sijui...

Niliporudi, kompyuta ilikuwa imeshafungwa. Gervas anafuta mikono. "Nimekumalizia kazi, mama. Imetoka kiulaini kabisa, nikapaka pesti ya kwangu."

Nikamuuliza kama ameiwasha. Akasema ameiwasha, iko freshi. Nikataka kufungua nihakikishe, lakini viongozi wa kwaya walikuwa wanaingia mlangoni, na mama yupo nyuma yao katika kitenge chake cha kwaya! Kanisani watu walikuwa wanasubiri kurekodi.

"Haya mwanangu, tuwashie," mama akasema.

Nikabonyeza.

Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi. Nikazima, nikawasha tena. Cheusi! Halafu ikaja harufu ya kuungua...

Nikamgeukia Gervas anisaidie kueleza. Mnajua alisema nini? Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akawaambia wale wazee, "Poleni sana. Nilimwambia asiivute kwa nguvu. Hasikiagi huyu."

Maneno yangu mwenyewe, kanivika shingoni! Kabla sijajitetea, mwenyekiti wa kwaya akasema hivi ndivyo inavyokuwa mtu akipewa kazi kwa kujuana. Mama hakunitazama. Alitoka nje, akalia akiwa amegeukia ukuta.

Walipoondoka, Gervas naye akatoweka. Nikaifungua ile mashine peke yangu. Pini zilikuwa zimelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa, nyingine zimekatika. Ubavuni mwa prosesa kulikuwa na mikwaruzo ya bisibisi. Aliivuta ikang'oka nzima, akaibandua kwa bisibisi, akairudisha kwa kuikandamiza. Hakuiwasha hata mara moja!

Nikamfuata kwa mama yake, Kigamboni. Nilimkuta Gervas amekaa barazani na mama yake, anakula muhogo.

"Shikamoo mama," nikamsalimu mzee, kisha nikamwuliza mwanawe, "Kwa nini?"

"Ulitaka niseme mie ndiyo nimeharibu? Mbele ya wale wazee? Sura yangu ningeiweka wapi?"

"Na ya kwangu?"

Akainua mabega. "Wewe ni mtoto wao. Watakusamehe."

Mama yake akadakia kwamba mwanamke mwenye akili humfunikia mumewe aibu. Nikavua pete, nikaiweka kwenye sahani ya muhogo ya mwanawe. Nikaondoka. Ningebaki, ningetukana.

Basi nikadhani ukweli utanitetea. Wapi! Nyumbani nilipomweleza mama, alinijibu kwamba nimeharibu kazi na sasa nimekosa mume, nisitafute wa kumsingizia. Wateja wakabaki na Gervas, maana alishawasimulia alivyotaka. Mie nikahama ile fremu, nikapata kona kwenye duka la simu Mbagala, nikaanza upya.

Baada ya miezi kadhaa mama Gervas alikuja kwetu Tabata kuomba turudiane. Katika kubembeleza akaropoka: "Kijana aliivuta kwa haraka tu, hakuwa na nia mbaya." Mama yangu alikuwa anamimina chai. Akaliweka birika chini. "Nani aliivuta?" Yule mama akakimbilia kushika kikombe chake. Mama akamwambia, "Ondoka kwangu. Chai usinywe."

Kisha akanishika mikono. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kwaya akawaeleza yote. Mwenyekiti akajibu kwamba hayo yameshapita, tuangalie mbele. Hakuna aliyekuja kuniomba radhi. Mama akavua joho palepale, akaacha kuimba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mume niliyemkosa.

Dada zangu, kaka zangu, mtu anayeicheka kazi yenu mbele za watu msimpe funguo za ofisi, wala za maisha yenu! Mie nilidhani ni utani. Haukuwa utani, ilikuwa dharau, na siku alipotafuta pa kutupia uchafu wake alinikuta mie nimeshasogezwa pale tayari.

Wapo wanaonishauri nimsamehe ili nipate amani. Sijamsamehe. Na usingizi ninapata vizuri tu.