Kitambaa Chini ya Kiti

Kila asubuhi, kabla mama hajamaliza kunywa chai, Chiriku huwa ameshasafisha gari. Ndiyo kazi yake tangu alipotimiza miaka kumi na moja. Hukung'uta makapeti, hufuta vumbi, huokota nyuzi zilizodondoka kwenye viti vya nyuma, maana mama ni mshonaji na gari hilo ndilo linalopeleka sare za shule madukani. Ni gari dogo la buluu, la gia za mkono, la siku nyingi. Wenyewe wanaliita Kobe. Haendi mbio, lakini hajawahi kuwaacha njiani.

Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa sababu mtoto huyo alikuwa haishi kuongea. Aliongea akila, akaongea akioga, na bibi aliapa kwamba hata usingizini mjukuu wake ana habari ya kumalizia. Lakini kwa wiki mbili sasa, Chiriku alisafisha gari kimya kimya. Akifika upande wa dereva, alichungulia mlangoni kwanza. Kisha alivuta kitambaa alichokuwa amekificha chini ya kiti, akafuta utelezi uliokuwa chini ya pedali ya klachi, akakirudisha upesi mahali pake.

Siri yenyewe ilianza hivi. Siku moja mama alimtuma dukani kununua mafuta ya kupikia. Aliporudi alikuta mlango wa Kobe haujafungwa, na ingawa alikuwa amekatazwa mara mia kuchezea usukani, aliingia akakaa kwenye kiti cha dereva. Akakanyaga klachi, akasukuma gia huku na huku, akanguruma kwa mdomo kama lori linalopanda mlima. Chupa aliyoibana katikati ya magoti ikapinduka, mafuta yakamwagika chini ya klachi. Alifuta kwa sabuni mpaka mikono ikauma. Lakini kesho yake palikuwa na unyevu tena. Kesho kutwa vilevile. "Yamezama kwenye zulia," aliwaza, "sasa yanapanda juu." Na wiki hiyohiyo gia zikaanza kugoma. Basi moyoni akakata shauri kwamba yeye ndiye aliyeliharibu gari, na hofu ikamfunga kinywa.

Jumatano, mama alipokwisha kumchukua shuleni na kutaka kuondoka, rivasi ilikataa kabisa. "Kraaak!" Watu wakageuka.

"Kobe, baba yangu, leo usinifanyie hivi," mama alisema huku akijaribu tena. "Kesho nina safari."

Safari hiyo kila mtu nyumbani aliijua. Alhamisi, saa mbili asubuhi, bibi alitakiwa hospitali ya macho kutolewa mtoto wa jicho. Walikuwa wamengoja zamu hiyo miezi minne. Hospitali ilikuwa mbali, na basi la kwanza lilifika huko saa nne, wakati majina yalikuwa yameshaitwa na mlango umefungwa. Kabla ya wiki hizo mbili za ukimya, kila jioni bibi alimpapasa Chiriku usoni akisema, "Nataka nione mwenye maneno yote haya siku hizi ana sura gani."

Walisukumwa na wapita njia, wakafika kwenye gereji ya mzee mmoja aliyejulikana kama Fundi Sikio, kwa kuwa aliinamisha kichwa na kulisikiliza gari kabla ya kushika spana.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa ana nini?"

"Gia hazikubali kuingia."

"Likiwaka, au hata likizimwa?"

Mama hakujua. Fundi akaingia, injini ikiwa imezimwa, akajaribu gia moja baada ya nyingine. Ya kwanza mpaka ya tano, na rivasi pia, zote ziliingia bila kelele. Akawasha injini. "Kraaak!"

"Mmesikia?" aliuliza. Akaviunganisha viganja vyake. "Injini ni huku, gia ni huku. Ukikanyaga klachi, inatakiwa viachane hivi, ndipo gia iingie kwa amani. Hapa umekanyaga lakini havijaachana. Basi gia zenyewe ni nzima. Tatizo liko kwenye klachi."

Alifungua boneti, akatazama kikopo kidogo cha mafuta ya klachi. "Yamepungua."

"Mbona Ijumaa mhudumu wa kituo cha mafuta aliniongezea?" mama alishangaa.

"Ijumaa? Na leo ni Jumatano?" Fundi alikuna kidevu. "Gari halina kiu, mwanangu. Yanakwenda wapi?"

Chiriku alitazama viatu vyake.

Fundi alilala chini ya gari na tochi. Pakavu. Akaja kumulika pedali. Pakavu. "Tena pananukia sabuni! Gari hili lina msafishaji hodari, harusi ingeweza kufanyika humu ndani." Mama akacheka kidogo. Chiriku hakucheka.

"Sasa," fundi alisema akijipangusa mikono, "kama hayavuji nje, yatakuwa yanavujia ndani kabisa. Itabidi nishushe giaboksi nzima."

"Kazi ya muda gani?"

"Nikianza sasa hivi, Ijumaa jioni."

Mama akakaa juu ya tairi kuukuu. Hakulia, wala hakulalamika. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Nitamwambia nini mama yangu?"

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko fimbo. Akilini alimwona bibi akiwa amekaa kitandani na gauni lake la safari limekunjwa pembeni, tangu juzi. Fundi alikuwa ameshaanza kuvuta jeki.

"Babu, ngoja!" Chiriku alipaza sauti. "Mama, ni mimi. Mimi ndiye niliyeharibu gari."

Akachomoa kile kitambaa chini ya kiti. Akaeleza yote, chupa, klachi, sabuni, na utelezi wa kila asubuhi. Maneno ya wiki mbili yalitoka kwa mkupuo mmoja, na machozi yakafuata nyuma.

Fundi alikichukua kitambaa, akakisugua kwa vidole, akakinusa.

"Nyumbani kwenu mnapikia mafuta haya?"

"Ndiyo, babu."

"Basi msije mkanikaribisha chakula. Haya ni mafuta ya klachi!"

Akapenyeza mkono juu, nyuma ya pedali, mahali fimbo yake inapoingia kwenye silinda. Vidole vilirudi vimelowa.

"Haya, mwizi wetu huyu hapa. Mpira wa silinda umechoka, mafuta yanapenya tone moja moja na kudondoka hapa chini. Ni uzee tu. Hukuuharibu wewe."

"Siyo mimi?"

"Siyo wewe. Ila sikiliza, mjukuu wangu. Gari likiumwa halina mdomo wa kusema. Husema kwa kelele na kwa matone. Wewe kila asubuhi ulikuwa unalifuta maneno yake, sisi tukabaki viziwi. Nilikuwa karibu kulipasua tumbo bure."

Jua lilikuwa bado halijazama mpira mpya ulipokuwa umeshafungwa na mafuta kujazwa. Ilibaki kutoa hewa iliyoingia kwenye bomba, na fundi alihitaji mtu wa kukanyaga klachi. Mama alimtazama Chiriku.

"Panda. Si wewe ndiye dereva wetu wa kisirisiri?"

Chiriku alipanda kwa aibu. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" fundi aliita kutoka chini, mpaka pedali ikawa ngumu na kurudi yenyewe. Mama akakaa usukanini, akawasha, akaweka rivasi. Iliingia bila hata mkwaruzo.

Walipokaribia nyumbani, mama akaegesha pembeni.

"Ulikosea, na nilikuwa nimekukataza," alisema. "Wiki hii hutakwenda kucheza. Lakini kosa lenyewe lilikuwa la chupa moja ya mafuta. Ungeniambia siku ile, ningekugombeza, tungekula, yangekwisha. Ulipolificha likakua, na leo nusura lichukue zamu ya bibi yako. Ukiona kitu hakiko sawa, niambie mapema, hata kama unaona aibu. Hata kama kosa ni lako. Mimi ni mama yako, mwanangu. Hasira zangu huwa zinapoa."

"Sitarudia, mama."

Alhamisi kulipopambazuka, Chiriku alisafisha Kobe kama kawaida. Alipapangusa chini ya klachi kwa kitambaa kipya, cheupe, kisha akakikimbiza jikoni.

"Mama, tazama! Pakavu. Na huku nyuma ya kitambaa, tazama."

Kitambaa hakukirudisha chini ya kiti. Alikitundika kwenye kamba ya nguo, mbele ya macho ya kila mtu.

Wakamwingiza bibi kiti cha nyuma na gauni lake la safari. Kobe akarudi nyuma kimya, akashika barabara. Chiriku alianza kusimulia, jeki, tochi, kanyaga, achia, hata pumzi hakuvuta. Bibi alitega sikio, akatabasamu.

"Huyo ndiye ninayekwenda kumwona," alisema. "Yule wa wiki mbili zilizopita sikumjua."